Kyungu Anakuja, Kabange Anabaki

Ku kambi ya askari wa majini, pembeni ya ziwa

Mama yangu,

Pokea kwanza mutoto, barua itangoja. Mwanamuke aliyeileta ni Yaya Feza, namuita yaya sababu ni kama dada yangu mukubwa, mutu wa Kabambare, tumeishi naye mulango kwa mulango hapa ku kambi. Mutoto aliye ku mugongo wake ni Kyungu, mujukuu wako. Umushushe, umupe maji. Yaya Feza umupe kiti. Usimuulize habari ya bwana yake, nitakueleza mimi mwenyewe humu ndani. Wakishapumua, ndipo umuite Espe akusomee.

Na usipige kelele ukiona mutoto iko moja. Kabange iko muzima. Ananyonya saa hii ninaandika, ndiyo maana maandishi yangu yanaenda upande. Sijazika mutoto, Mama. Nimewatenganisha tu. Najua kwetu mapasa, watoto waliolala tumbo moja, hawatenganishwe, na kwa kina baba yao ni vile vile. Hiyo ndiyo nataka nikueleze mpaka mwisho, usije ukasikia kwa watu wengine kwamba Riziki alitupa mutoto wake ku maji.

Espe, mudogo wangu, wewe ndiye unasoma. Soma polepole, usiruke kitu. Mbele huko utakuta matusi. Uyasome yote, tena kwa sauti, Mama ataelewa.

Sasa niwasalimie. Mama, mugongo wako unaendeleaje? Bado unainama kulima, ama ulisikia maneno yangu ukamuachia Espe jembe? Papa na kikohozi chake? Ile nyumba ya jikoni iliyokuwa inavuja, walishaiezeka? Karanga mulipanda? Nauliza maneno mengi sababu sijui barua ingine itapita lini. Mimi niko muzima wa mwili. Mikono iko, miguu iko, maziwa iko kidogo. Moyo sijui iko wapi, lakini hainiumi.

Mulisikia labda ku radio kwamba tumezungukwa. Ni kweli. Kambi yetu ni ngome ya zamani, ilijengwa na Wazungu, kuta zake ni za mawe, nene kama mutu akilala. Juu ya ukuta kuna mizinga ya zamani imejaa kutu, na yote inaangalia ziwa. Wale waliojenga walifikiri adui atatoka ku maji. Huyu wetu alitoka ku mulima, kwa mugongo. Mizinga inaendelea kuangalia ziwa tu, watoto wanaitelezea matako.

Wale wa ku mulima walikata barabara ya kwanza, kisha ya pili. Kisha wakaleta bunduki kubwa inayofika mpaka ku maji. Tangu pale boti za jeshi zimefungwa ku kamba kama mbuzi, na mutumbwi hautoki, ukitoka hauendi mbali. Asubuhi tunaona ndagala, wale samaki wadogo, zinaruka pale karibu, maji yanameremeta, na sisi tunalala bila mboga. Tulikula mapapai yakaisha, tukala mapapai mabichi kama mboga, sasa watu wanakata ule muti wenyewe wanapika moyo wake. Sombe, majani ya mihogo, tunaichuma ku makaburi, ni fasi moja tu iliyobaki na mihogo. Chumvi nilishasahau. Mafuta ya ngazi, ile nyekundu ya mawese, naiota. Naota niko ku soko ya Kasongo, nimekaa pale na bidoni zangu za mafuta kama zamani nikiishi kwa mama mudogo, na watu wanapita wananiuliza bei, na mimi sijibu, nachovya kidole mu mafuta, nalamba.

Mwanzoni bombe ikilia nilikuwa naanguka juu ya watoto. Sasa ikilia naangalia kama sufuria imemwagika. Siku moja kipande cha chuma kilipita ku paa kikaanguka mu maharagi niliyokuwa napika. Nilikitoa na kijiko, nikaendelea kukoroga. Yaya Feza alikuwa amekaa pale, akauliza:

“Riziki, umetia chumvi?”

“Nimetia. Imepita ku paa.”

Tukacheka kidogo, meno hayakuonekana. Unaona, Mama, ni vile tunaishi. Sikuambii ili ulie. Nakuambia tu.

Kisha komanda alikataza sauti. Alisema wale wa ku mulima wakisikia watu wanalia, wanajua bombe yao imefika vizuri, basi wanapiga tena fasi ile ile. Sasa hapa mutu akifa hakuna kilio. Hakuna ngoma, hakuna kuimba ku misa, padri anasema neno na sisi tunaitikia na kichwa. Majogoo yote yalichinjwa, na si sababu ya njaa tu.

Hapo ndipo neno la mapasa lilianza kunitesa.

Unakumbuka nilipozaa, nilikutumia habari, na wewe ukanijibu kwa simu ya mama mudogo: nisikubali waimbe nyimbo za mapasa, zile za matusi zinazokaribisha watoto, mpaka ufike, sababu kwetu mama ya muzazi ndiye anaanza kutukana, wengine wanafuata. Nikakungoja. Ulishafunga mizigo, Espe aliniambia, ulishanunua na kuku. Kisha barabara ikakatwa. Watoto wakakaa vile, hawakuimbiwa, mimi sikutukanwa, baba yao hakutukanwa. Jirani walikuwa wananisalimia vizuri kila asubuhi, “Jambo Mama Kyungu, umelalaje,” kama mutu aliyezaa mutoto moja. Mwenyewe unajua hiyo ni haya namna gani.

Kyungu hakuonyesha kitu. Huyo anakula, analala, anapiga mateke. Ni Kabange alianza kukonda. Uji anautema, anataka titi tu, na titi lenyewe liko nusu. Ku dispanseri ya kambi munganga alimushika akasema hana homa, hana kitu, ni chakula ya mama ndiyo haitoshi, nile vizuri. Nikasema asante. Nilimuona na yeye suruali yake amefunga na kamba.

Kuna muzee moja hapa, Koko Adela, mama ya ajida moja, mukubwa wa askari. Meno yake yamebaki mbele tu, lakini kinywa iko kamili. Alikuja akamuangalia Kabange, akafunua blanketi, akafunika.

“Hawa watoto mama yao hajatukanwa,” akasema. “Wanafikiri walizaliwa kwa watu wasiojua kitu. Huyu mudogo anatafuta njia ya kurudi alikotoka.”

“Koko, sauti imekatazwa.”

“Imekatazwa sauti. Matusi haijakatazwa. Tutakutukana chinichini.”

Basi mchana wanawake wa kambi wakaingia mu hangari ya boti, kule wanakoweka nyavu na mashine zilizoharibika. Nikakaa katikati na watoto wote wawili ku mapaja. Wakanipaka unga ku uso, unga kidogo tu, Koko alikuwa ameufunga mu kitambaa, sijui aliutoa wapi. Na wakaanza. Mama, sijawahi kuona kitu kama kile. Wanawake wanacheza, lakini miguu hailii. Wanapiga mikono, lakini viganja havigusane. Na matusi yote yanatoka kwa pumzi, sss, sss, kama watu wanaopuliza moto. “Mama ya mapasa mulafi, wenzako wanazaa moja, wewe umezaa kama panya!” “Baba ya mapasa alikosa kazi ya kufanya!” Yaya Feza, wakati huo bwana yake alikuwa bado muzima, ndiye aliyekuwa anatukana kupita wote, jasho linamutoka, na sauti haimutoki.

Askari wa zamu akasukuma mulango.

“Wamama, munafanya nini humu?”

“Tunasali,” Koko Adela akasema.

“Nimesikia neno matako.”

“Ni sala ya kwetu.”

Yule kijana akasimama. Akatuangalia, akaona unga ku uso wangu, akaona watoto.

“Ni mapasa?”

“Ni mapasa.”

Akageuka kuangalia nyuma kama komanda haiko. Kisha akaingiza kichwa chote ndani, akasema chinichini: “Mama ya mapasa, mudomo kama mufereji!” Akafunga mulango, tukasikia buti zake zinakimbia.

Wamama walianguka juu ya nyavu kwa kucheka, kila mutu ameziba kinywa na kikwembe alichojifunga. Mimi pia nilicheka. Nafikiri nilicheka.

Tulipotoka Koko Adela akanishika mukono. “Imefika nusu,” akasema. “Wimbo wa mapasa unatakiwa usikike mpaka kwa jirani asiyekupenda. Hii nusu iliyobaki, fasi kwenye sauti iko huru ndipo itamaliziwa.” Neno hilo nimeliweka. Nitalirudilia.

Kabange alinyonya vizuri siku zilizofuata, kisha akarudi vile vile.

Sasa habari ya Yaya Feza. Bwana yake alikuwa mupishi wa kambi, mutu wa mazungumzo, alikuwa anatupimia maharagi na kusema “hii ya Kyungu, hii ya Kabange,” hakuunganisha hata siku moja. Alienda ku maji na beseni. Bombe ilianguka pale penye mawe ya kufulia. Wakamuleta. Yaya Feza alijaza kikwembe mu kinywa, chote, mpaka nikaogopa hatapumua. Nilimushika nyuma, mwili wake ulikuwa unaruka kama samaki, na sauti hakuna. Mimi nilingoja machozi yangu, hayakuja. Nilichukua shati ya marehemu nikaifua, nikaianika, ikakauka, nikaikunja. Ndiyo kazi niliyoona. Espe, hapa simama kidogo, umuangalie Yaya Feza kama anataka kulia. Akitaka, mumuache alie kwa nguvu. Huko kwetu ni ruhusa.

Kisha tukasikia neno la boti. Ni boti ya mbao ya wavuvi, si ya jeshi. Inangoja mvua kubwa, ile inayofunga ziwa lote likawa nyeupe, sababu mvua ikiwa vile wale wa ku mulima hawaone kitu. Inateleza pembeni pembeni mpaka ku kijiji kimoja cha wavuvi upande wa kusini, kule barabara bado iko wazi, na pale watu wanapanda pikipiki. Ilishaenda, ikarudi. Inabeba waliojeruhiwa na wajane. Muke wa askari aliye muzima habebwi. Komanda anasema muke akienda, moyo wa mume unapanda boti naye, na bunduki inabaki bila mutu. Sikukasirika. Niliona ni kweli.

Lakini kila mwanamuke anayepanda anaweza kupakata mutoto moja. Na Yaya Feza hana mutoto.

Alikuja kwangu, akakaa chini ya mulango. Hakuzunguka maneno.

“Riziki, mapaja yangu iko wazi. Napita Kabambare. Kutoka pale kwenu Wamaza ni karibu. Nipe nimupeleke kwa mama yako.”

“Nani?”

“Sijui nani. Wewe ndiye mama.”

Papa Kyungu, bwana yangu, aliposikia alienda mwenyewe ku port kuongea na ajida mwingine, yule anayepanga watu wa boti. Nilimufuata na watoto, moja mbele, moja mugongoni. Papa Kyungu ni mutu wa mashine, unamujua, maneno si kazi yake, tangu anioe kule Kasongo sijamusikia akibishana na mukubwa. Siku hiyo alibishana.

“Ajida, ulisema kila mama mutoto moja.”

“Ni vile.”

“Basi hawa ni moja. Mapasa ni mutu moja. Kwetu ukimusalimia huyu bila kumusalimia mwenzake, umeharibu.”

“Mutu moja iko na vinywa viwili?”

“Iko na viwili.”

“Na akilia, analia na vyote viwili?”

Papa Kyungu akaangalia vinywa vya watoto.

“Sikia,” ajida akasema, na hakuwa mutu mubaya, macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. “Mutoto moja akilia katikati ya ziwa, Feza atamuziba na titi, hata kama halina kitu. Wawili wakilia, mwingine atamuziba na nini? Boti ina watu. Mimi mwenyewe nilizaliwa nyuma ya mapasa, mama yangu aliwahi kutukanwa mutaa muzima. Usinifanye nirudilie neno hili.”

Tukarudi. Tukakaa ku kivuli cha ukuta. Papa Kyungu alitoa msumari mu mufuko akawa anaugeuza geuza.

“Kabange atoke,” akasema. “Ndiye anakonda.”

“Kabange hajui kula. Uji anautema. Bila titi hafiki Kabambare.”

“Kyungu?”

“Kyungu anakula hata udongo.”

Akacheka, Mama, kwa kweli alicheka. Kisha akageukia ukuta, akaweka paji la uso ku jiwe. Mimi nilikuwa naangalia chungu. Walikuwa wanabeba bawa la panzi, wanalipandisha ku ukuta, linaanguka, wanalirudilia. Nilifikiri moyo wangu utapasuka siku ile. Haukupasuka. Nilisikia tu baridi ku meno.

Watu wa kwetu watasema: Riziki alituma mwenye nguvu, akamuacha mugonjwa mu vita. Uwajibu, Mama. Uwaambie nimemutuma yule anayeweza kuishi bila mimi, nimebaki na yule asiyeweza. Hakuna hesabu ingine. Nimeitafuta.

Sasa usikie namna ya kukaa na Kyungu.

Anakula kila kitu. Usimuache na udongo. Uji aupate wa moto kidogo, ukiwa baridi anaumwagia mutu. Akinuna hivi na midomo, si hasira, anataka kwenda choo. Sauti kubwa za watu anaogopa, hajazizoea. Watu wa Wamaza wakiimba ku kanisa atashituka, umupakate, mutamuzoesha polepole kwamba watu wanaruhusiwa kuimba.

Na halali bila kushika sikio la mutu. Tangu azaliwe alilala ameshika sikio la Kabange, wanalala uso kwa uso, na yeye vidole vyake ku sikio la mwenzake. Usiku wa kwanza atatafuta. Atapapasa hewa. Mama, umupe sikio lako. Litakuuma kidogo, kucha zake nimezikata lakini zinaota haraka. Espe akikubali, mubadilishane. Mimi hapa nitamushika Kabange sikio lake, asione kwamba limeachwa.

Kile kikwembe cha majani mekundu ulichonipa ku arusi nimekipasua katikati. Nusu ndiyo imemufunika Kyungu, nusu imebaki na Kabange. Usiniulize kwa nini nimeharibu kitu kizuri, najua ulikitunza. Mapasa hawavae nguo mbili tofauti.

Ukimupakulia chakula, weka sahani mbili. Ile ya pili mupe mutoto yeyote wa jirani aile, lakini iwekwe. Ukimuita, ita wote wawili. “Kyungu, Kabange, njooni mule.” Jirani watacheka, wacheke. Asubuhi umusalimie mara mbili. Na nywele usimunyoe, hata kama zitakuwa kama za mutu wa pori. Watanyolewa siku moja, fasi moja, mbele ya mulango wako, na mimi nikiwa nimekaa pale kwenye kile kigoda kilichovunjika muguu. Hilo ninaliona vizuri sana, Mama. Kuliko kitu kingine chochote, hilo ninaliona. Kabange anatembea tayari. Anaanguka ku karanga zako.

Papa Kyungu anasema wakubwa wanaongea, njia itafunguka. Sijui. Lakini nimeomba mbegu ya mihogo isiyo chungu kwa Koko Adela, vipande viwili, nimevifunga mu kitambaa kwa Yaya Feza. Uvipande pamoja, shimo moja.

Unisalimie Papa, umuambie dawa ya kikohozi asinywe na pombe. Unisalimie shemeji yangu fundi baiskeli na muke wake, sijui kama alishazaa. Unisalimie mama mudogo wa Kasongo akifika, umuambie bidoni zangu asiziuze, nitazihitaji. Unisalimie katekista, umuambie tunaitikia na kichwa lakini tunaitikia. Bibi yule wa ku njia panda tuliyegombana naye sababu ya bata, umusalimie pia.

Papa Kyungu anawasalimia. Amekuja, amesimama mulangoni na chepeo mu mukono. Anaangalia juu.

Mama, mawingu yamefika. Karatasi imeanza kuwa giza, naandika haraka. Naona mvua kule mbali ku ziwa, inakuja nyeupe kama mutu anayeburuta shuka. Kwetu mvua kama hii ningekimbia kuangalia karanga, ningefurahi. Yaya Feza amesimama tayari, amefunga kichwa. Anajua kwamba sitaki mvua ifike na nataka ifike, anakaza fundo la kikwembe.

Sasa lile neno la Koko Adela. Nusu iliyobaki. Mama, uite wanawake. Usingoje nirudi, usingoje njia, ulishangoja mara moja na tukaona. Uite wale wa kilimani na wale wa ku kisima na hata yule wa bata. Mumupakate Kyungu katikati, muache fasi ya Kabange pembeni yake. Muniimbie. Uanze wewe, ni kazi yako. Useme: mama ya mapasa mulafi, anazaa kama panya, mudomo kama mufereji, alienda kuolewa ku maji na samaki hajui kupika. Ongeza yale ya kwetu, makali, yale ambayo Espe sasa hivi anafunika uso. Mupige mikono mpaka iume. Sauti yenu ifike ku Kabambare. Ningependa ifike hapa, lakini najua ni mbali.

Hapa watu wote wananisemesha vizuri, Mama. Wananionea huruma. Nimechoka kuonewa huruma. Mutu anatukanwa akiwa hai na watoto wake wote wako.

Mvua imeanza ku paa. Wananiita. Kyungu amelala, ameshika sikio la Kabange. Ninamufungua vidole, kimoja kimoja.

Unitukane. Kwa sauti.

Ni mimi Riziki, mutoto wako,
mama ya Kyungu na Kabange, wote wawili.